Soksi za Mama Mkwe na Harufu ya Nywele

Jumatano, mwezi wa saba. Ukungu haujatoka juu ya mji tangu asubuhi. Hapa steshenari hakuna mteja, bosi kaenda kulipia umeme, na mimi nachapa haya kwa vidole visivyotaka kukunjuka. Miguu tu ndiyo ina joto.

Hilo la miguu ndilo tatizo.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: sili nyama, na sivai kitu kilichotoka kwa mnyama. Nilianza nikiwa msichana, nyumba yetu ikitazamana na machinjio, na sijawahi kujuta isipokuwa msimu wa baridi. Viatu vyangu ni raba za kitambaa. Baridi ya Songea inaingia humo bila hodi.

Naishi Mfaranyaki kwa mama mkwe, mume wangu yuko kikazi Tunduru. Mama alishajiamulia kwamba kutokula nyama ni mwiko wa ukoo wetu. Nikamwacha aamini. Mwiko hauulizwi maswali. Huruma kwa mbuzi ningeulizwa mpaka leo.

Jumamosi nilikwenda sokoni kutafuta soksi nzito za pamba, zisizotoboka kidole gumba wiki ya pili, na ambazo aliyezitengeneza alilipwa. Hilo la mwisho limetokana na kaka yangu. Alikuwa fundi kiwanda cha nguo, kiwanda kikapata mwekezaji, yeye akapata ruhusa ya kurudi nyumbani bila mafao. Tangu hapo siwezi kushika nguo mpya bila kujiuliza ni kaka wa nani aliyeitengeneza.

Muuzaji alinitandazia soko huria lote juu ya turubai. Za nailoni kutoka nje, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikamuuliza zimetengenezwa na nani.

"Dada, mimi nauza soksi. Historia kasome shule."

Na hizi nene za mtumba, zinadumu?

"Mzungu kazivaa miaka, hazijatoboka. Unataka shahidi gani tena?"

Nikarudi mikono mitupu, nikamkuta Mama barazani amenimalizia jozi. Yeye hununua masweta ya mtumba, huyafumua, halafu uzi ule anaufuma upya. Zilikuwa za kahawia, nene, mguu wangu kaupima kwa macho tu.

"Skola, nimechoka kukuona unatembea kama kuku aliyenyeshewa."

Nikashukuru, nikaziweka kabatini. Huenda ni plastiki, huenda ni sufu ya kondoo. Sweta lilikuja bila lebo.

Ila kuna njia ya kujua. Uzi wa plastiki ukiuchoma unayeyuka na kunuka mfuko. Sufu inanuka nywele. Jana jioni Mama akiwa kwa jirani, nikakata kipande kwenye donge lake la uzi, nikarudisha mlango wa jikoni ili upepo usisumbue, nikakiweka kwenye mkaa.

Kikanuka nywele. Jiko zima likanuka nywele.

Mlango ukafunguliwa, na Mama akasimama pale.

Alichokiona ni hiki: mkwe peke yake, mlango umefungwa, kainamia moto, na harufu ya nywele. Kwetu hakuna anayechoma nywele kwa nia njema. Mama akapeleka mkono kichwani, chini ya kilemba, kuhakikisha zake zipo.

"Za nani hizo?"

"Za kondoo, Mama."

"Kondoo gani? Humu ndani tuna kondoo?"

Ugali ulipoiva hakunawa. Alisema ameshiba. Halafu akachemsha viazi vyake mwenyewe, akakaa akivilinda mpaka vikaiva.

Mama mkwe akiacha kula mkononi mwako, mambo yameisha. Kesho jirani anajua, wiki ijayo mume anaitwa kikao, na wewe unafunga mzigo. Nampenda mume wangu. Na yule mama nampenda pia, Mungu anisamehe, hata akilinda viazi.

Nikamletea donge la uzi. Nikamwomba akate mwenyewe, achome mwenyewe. Akafanya hivyo, mkono wa pili umeshika rozari. Akanusa, akanusa tena.

"Kumbe sweta ni nywele?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulikuwa unatafuta nini humo?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kila kitu: machinjio, mbuzi, kaka, vyote. Mdomo ukafunguka, kikatoka kingine.

"Mwiko wetu, Mama. Nilitaka kujua kama unagusa na nguo."

Akafikiri. Akaingia chumbani kwangu, akatoka na soksi.

"Mwiko wenu ni wa mdomo. Miguu haili. Vaa nikuone."

Nikavaa. Alinitazama mpaka kisigino kikakaa sawasawa. Ndipo akasogeza bakuli, akanawa, akamega tonge la ugali wangu akachovya kwenye majani ya maboga. Sijawahi kufurahi hivyo kumwona mtu akitafuna.

Nikiri na hili: ni soksi nzuri kupita zote nilizowahi kuvaa. Nilitaka ziwashe. Hazikuwasha.

Asubuhi hii alinipima mabega kwa kamba, akauliza nataka sweta la rangi gani.

Nitamweleza ukweli kesho. Au mwezi wa tisa, kukishapata joto.

Nimemwambia kijani.