Kwa Guka Mwaura, Aliyesema Kila Alipoachilia Baiskeli

Tiki-tiki-tiki. Kabla taa haijawashwa, kabla hata kuku wa jirani yetu Mama Zeddy hawajaanza kelele zao, tulikuwa tunasikia gurudumu la nyuma likizunguka taratibu kwenye korido, gizani. Ni wewe huyo, unajaribu baiskeli ya mteja kabla ya kuitoa nje. Mwaka mmoja umetimia, Guka, babu yetu sote, tangu mlio huo unyamaze, na bado sisi huamka saa ile ile.

Tunaandika haya kukushukuru. Kalamu ameshika Emmy, mke wa mwanao Mbugua, kwa sababu mwenyewe amesema yeye akianza hatamaliza.

Miaka thelathini na mmoja ulikaa chini ya bati lako pale Bondeni ukinyoosha spoku na kuziba tyubu. Chai yako ilikuwa ya tangawizi, ndani ya kikombe ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukiosha kwa sabuni. Mtu mzima akikuletea baiskeli yenye matope, ulimrudisha nayo nyumbani. Mtoto akikuletea hiyo hiyo, ulimwoshea mwenyewe huku ukimuuliza habari za shule.

Mbugua aliponileta kwako, nilikuwa msichana wa upande wa Salgaa aliyeishia kidato cha pili. Hukuniuliza mengi. Ulijifunza kusema "chamgei" ili unisalimie kwa lugha ya kwetu, na ukaisema vibaya kila asubuhi mpaka mwisho. Halafu siku moja ukanikuta nikimsaidia binti yetu Wangu kusoma kitabu chake cha Kiingereza, na mimi na yeye tumekwama kwenye neno moja.

"Emmy," ukasema, "shule ya msingi hapo chini wana masomo ya jioni ya watu wazima. Ingia."

"Na mtoto, Baba?"

"Mtoto gani? Huyu ana jina la marehemu mke wangu. Basi ni mke wangu. Utamwacha na mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Saa kumi na moja jioni mimi niko darasani, magoti yakigonga dawati la watoto, na wewe uko uwanjani na Wangu na kale kabaiskeli kekundu ulikokaunda kwa vipande vya baiskeli nne. Wiki za kwanza ulitoa pedali zote mbili, ukashusha kiti mpaka nyayo zake zikakanyaga chini, ukamwacha asukume kwa miguu kama bata. Watoto wa mtaa wakaanza kuja, mmoja, wawili, hadi ikawa foleni. Sijui Mwalimu Jepkemei aliniambia mara ngapi, "Emmy, jibu haliko dirishani."

Lakini dirishani kulikuwa na jambo. Pedali zikisharudishwa, ulikimbia nyuma ya mtoto umeshika kiti, na mkono ukihisi baiskeli imetulia, ulipaza sauti, "Nimeachilia!" Kila mara. Kwa kila mtoto.

Jirani yetu Makhanu, mwenye buchari, babake Zeddy, hakuweza kuvumilia.

"Mzee, unaharibu! Ukimwambia umeachilia, anaanguka. Wewe nyamaza tu, atajikuta ameenda."

"Na akigeuka akupate uko kule nyuma unacheka?"

"Si atakuwa ameshajua kuendesha?"

"Atakuwa amejua wewe ni mwongo. Zeddy wako ulimdanganya mara moja tu, na mpaka leo hataki umshike. Hawa wangu huanguka mara kumi na wanarudi kwangu. Nenda ukauze matumbo, Makhanu."

Uwanja mzima ulicheka, na Makhanu akacheka kuliko wote. Wiki iliyofuata Zeddy alikuwa kwenye foleni yako.

Pedali za Wangu ulizirudisha siku ya Jumatatu. Alhamisi kifua kikakubana, tukakupeleka hospitali. Jumapili alfajiri ukapumzika.

Hapa, Guka, kuna jambo ambalo ni lazima tukueleze.

Wangu alikuwa na miaka sita. Aliniuliza uko wapi, na mdomo wangu ukasema, "Guka ameenda Ndabibi kuona shamba." Haukuwa hata uongo mtupu, maana huko ndiko tulikokuzika, kando ya viazi vyako. Lakini siku ya mazishi tulimwacha kwa Mama Zeddy, na tuliporudi, kila mtu mzima akaongeza lake. Guka anavuna. Guka anangoja mvua ipungue. Guka anakusalimia. Tulidhani tunamhurumia.

Wangu akangoja. Miezi mitatu baiskeli ilikaa imeegemea ukuta. Babake alipojaribu kushika kiti, Wangu alishuka na kumwambia, "Hapo ni pa Guka." Kisha jioni moja mwezi wa sita, nikichagua maharagwe, alikuja akasimama mbele yangu.

"Mum, Guka hawezi kuenda bila kuniambia."

Nikaendelea kuchagua maharagwe.

"Yeye husema," akasema. "Kwa hivyo kuna mtu anadanganya."

Nikaweka sinia chini. Nikamwambia yote. Kwamba kifua chako kiliuma sana, kwamba madaktari walijaribu, kwamba hutarudi, na kwamba aliyedanganya ni mimi, si wewe. Alinirushia ndara moja, akanirushia ya pili, kisha akalia mpaka usingizi ukamchukua pale pale sakafuni.

Siku tatu hakunisemesha. Akitaka uji, anamwambia babake, nami nimeshika sufuria. Guka, hizo siku ndizo zilizoniumiza kuliko zote. Wewe nilikuwa nimekulilia, lakini sasa niliogopa kwamba nimempoteza na mtoto, kwamba lolote nitakalomwambia maishani mwake atalishuku kwanza.

Siku ya nne alitoa baiskeli nje mwenyewe.

"Wewe hujui kuendesha," akaniambia.

"Sijui."

"Lakini kushika unajua?"

"Nilikuwa naangalia dirishani."

Akanitazama, akapima. "Haya, shika. Na useme."

Nikakimbia nimeinama, sketi nimeikusanya kwa mkono mmoja, watoto wa mtaa wakinishangilia kama niko kwenye mashindano: "Mama Wangu, kanyaga!" Nikafika pale ambapo kiti kinaacha kutikisika mkononi. Hapo nikaelewa kwa nini Makhanu alikuwa ananyamaza. Ulimi unakuwa mzito, Guka. Unaona jinsi mtoto anavyokwenda vizuri, na unajua neno lako ndilo linaloweza kumwangusha.

"Nimeachilia, Wangu!"

Akayumba, akaanguka karibu na goli, goti likachubuka. Akainuka, akageuka haraka kunitafuta. Nilikuwa nimesimama pale pale niliposemea. Akarudi kwangu polepole akisukuma baiskeli, akanipa kiti nishike.

"Tena," akasema.

Mara ya tano alizunguka uwanja mzima, na mimi nikaketi kwenye nyasi nikalia, na safari hii sikumficha.

Kwa hayo tunakushukuru. Tunamshukuru Mungu aliyetupa wewe, na tunakushukuru kwa mikono yako iliyonuka grisi hata kanisani. Mbugua sasa ndiye anayefungua kibanda Jumamosi. Spoku bado zinamshinda, lakini wateja wako wanamvumilia kwa heshima yako. Novemba nilifanya mtihani wa kidato cha nne, nikapita, na sasa nasomea ualimu wa chekechea. Na Makhanu, mzee, ungemsikia! Kila jioni yuko uwanjani na mtoto wake mdogo, anapiga kelele "Nimeachilia!" kwa ile sauti yake ya kuita wanunuzi wa nyama.

Mwanao Mbugua, mimi binti yako Emmy Chepkurui, mjukuu wako Wangu ambaye bado ni mke wako, ndugu yako Hiram kule Ndabibi, na watoto wote wa Bondeni uliokimbia nyuma yao: maadamu tuko hai, jina lako halitakauka midomoni mwetu.

Kabla ya kuipeleka karatasi hii gazetini, nimewasomea wenzangu mezani. Mbugua aliinamisha kichwa. Wangu, ambaye sasa ana miaka saba, akaivuta karatasi, akaweka kidole pale nilipoandika kwamba ulipumzika, akasema, "Mum, andika Guka alikufa, na uandike alinifunza baiskeli."