Sauti Uliyonikataza Kuitika

Endebess, upande wa Kitale
Mwezi wa nne

Kwa mama yangu mpendwa, nyumbani Misikhu,

Pokea salamu za mwanao Wanyonyi. Mguu wako je, umepona ama bado unakusumbua? Mimi ni mzima, posho tunapata, na mvua imeanza vizuri. Lakini moyo haujatulia, mama, ndiyo sababu nimeandika. Dada Nasimiyu akusomee polepole, watu wakiwa wametoka.

Unajua kazi yangu hapa ni kushika plau ya bwana mwenye shamba. Juma la kwanza la kulima nilikuwa mwisho wa shamba, upande wa mlima, saa nne ya asubuhi, jua liko wazi. Mwenzangu anayeongoza ng'ombe alikuwa ameenda kunywa maji. Nikasikia naitwa, "Wanyonyi!" Nikageuka, hakuna mtu. Mama, hapa hakuna anayelijua jina hilo. Kwenye kipande changu cha kazi nimeandikwa Petero, na nyapara ananiita Petero, hata wale ninaolala nao nyumba moja.

Nikafanya ulivyonifundisha, nikafunga mdomo. Hujasahau kaka yangu Wekesa alivyoitika sauti ya mtu asiyemwona kule mtoni, na siku ya tatu tukamzika. Ulinishika masikio yote mawili ukasema, "Ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Hata akiita kwa sauti yangu." Nimelishika neno hilo mpaka nimeota ndevu.

Baada ya siku chache nikaitwa tena, pale pale. Nikanyamaza tena, nikawachapa ng'ombe ambao hawajakosa kitu.

Jumapili nikamweleza mwalimu wa kanisa, yule mzee anayetusomea Neno kwenye ghala la mahindi. Akanisomea habari za Samweli, aliyeitwa na Mungu akadhani ni mzee Eli anamwita. Akaniambia Bwana anataka niache plau nikawafundishe watu habari zake. Nilifurahi, mama, nilifurahi kweli. Nikamwomba aniandikishe shule ya wainjilisti. Akauliza kama niliitika. Nikasema hapana. Akaniangalia sana.

"Petero, mimi siwezi kukuitikia," akasema. "Aliyeitwa ni wewe."

Basi nikarudi pale. Usinicheke. Siku tano nimesimama mwisho wa shamba, nafungua mdomo, nakohoa tu. Nikitaka kusema naam, namwona Wekesa amelala kwenye mkeka. Nilimwamini Mungu siku niliyobatizwa, na leo namwamini, ila mdomo huu haunisikii kabisa. Nyapara anawaambia watu ati nimerukwa na akili.

Alhamisi sauti ikaja mara ya tatu. Ilikuwa ndogo, kama yako ulipokuwa ukiniita nije nile na umeshachoka kuita. Nililia mbele ya ng'ombe, na bado sikuitika. Wiki ijayo tunamaliza kulima huku, tunahamia bondeni. Naogopa hataniita tena. Naogopa pia kwamba ataniita.

Nisalimie baba mdogo anayetutunzia ng'ombe, na shemeji mume wa Nasimiyu, na bibi mzaa baba kama macho bado yanamsaidia. Mama wa watoto wangu mwambie asiwe na wasiwasi, barua yake inakuja, ila hii usimwonyeshe.

Nawe mama, sikuombi chochote cha kubeba. Ulinifunga mdomo kwa kunipenda, na sioni mwingine wa kuufungua. Mwambie Nasimiyu aandike neno moja tu kwenye karatasi, nawe utie kidole chako chini yake, nijue limetoka kwako. Aandike: Itika.

Ni mimi mwanao, niliyesimama hapa,
Wanyonyi