Kumkuza na Kumkuzia

Jumapili. Mvua imeshinda juu ya bati hapa Kibaha, na moyo wangu nao umenuna.

Jana nilikwenda Kisarawe kumwona binti yangu Rehema. Anakaa kwa mdogo wangu Zuhura, maana kazi yake ya kuchapa iko huko. Zuhura ndiye aliyemnunulia laptop mpya. Mimi nilimpelekea mihogo.

Niseme ukweli? Naionea wivu ile laptop.

Nilipokwenda mara ya kwanza, maandishi yake yalikuwa kama sisimizi. Mwanangu kakunja shingo, kakodoa macho. Akaniambia kioo ni cha kisasa, kina vidoti vingi vimebanana, ndiyo maana kila kitu kinaonekana kidogo. Nilirudi nikiyahofia macho yake. Na chini ya hofu kulikuwa na kafuraha: zawadi ya Zuhura ina kasoro.

Mungu anisamehe.

Jana nikamkuta amekaa wima, maandishi makubwa, safi, hata mimi niliyeishia darasa la nne nayasoma.

"Nani kakutengenezea?"

"Mama mdogo kanikuzia, mama."

Mimi nikasikia *kanikuza*. Damu ikapanda.

"Kakukuza? Kwani ulinyonya ziwa la Zuhura wewe?"

Zuhura alicheka kule jikoni mpaka mwiko ukamdondoka. "Dada jamani! Maandishi! Nimemkuzia maandishi! Mtoto wako sijamgusa!"

Tukacheka wote. Kicheko changu kiliishia mdomoni.

Rehema akanieleza kwamba ukiyakuza sana, batani ya kuhifadhi kazi inazama chini ya kioo, huioni. Ukiyapunguza, macho yanauma. Kwa hiyo Zuhura alikaa naye, anaongeza, anapunguza, anamuuliza, "Hapa unaona? Na hapa je?" Mpaka shingo ya mtoto ikatulia.

Hapo ndipo paliponichoma. Laptop hata ingekuwa ya dhahabu, sawa. Ila kukaa naye bega kwa bega, kumuuliza wapi panauma, hiyo ilikuwa kazi yangu.

Leo nimeshinda nikijiuliza ningetaka nini. Aendelee kukodoa macho ili mimi nisione gere? Mama gani huyo?

Zuhura mwenyewe nilimbeba mgongoni mimi, mama yetu akiwa shamba. Huko kukaa na mtu mpaka apate nafuu, labda alikupata kwangu.

Kesho nitampigia nimwambie asante. Itanikwama kooni, najijua. Nitaisema hivyo hivyo, imekwama.