Juisi ya Mama Mkubwa

Isingiro, Kyerwa

Shikamoo Mama,

Huku mvua tupu. Baba Mkubwa bado anaumwa. Amemaliza dozi mara mbili na minyoo ya ini haijatoka. Daktari hana hakika. Huenda imekuwa sugu kwa dawa, au anaimeza upya kwenye majani mabichi ya bondeni wanakolishia ng'ombe. Baba Mkubwa akacheka, "Kwani mimi nala majani?"

Mimi sikucheka. Kila akimaliza dozi, Mama Mkubwa humkamulia juisi ya ndizi apate nguvu, na huikamua kwa majani hayohayo. Sasa tulaumu dawa au juisi? Nimwambieje mtu anayempenda mumewe hivyo?

Anakusalimia sana. Hapa ninapoandika, anakukamulia dumu zima nikuletee.

Mwanao,
Editha