Ba Masika ya Depo ya Kahawa

Lundi, 12 mai
Tunachagula kahawa tangu asubui. Mbegu nyeusi pembeni. Mugongo inauma. Binti yangu Masika anakaa karibu nami, bamama banamucheka ju ananifanana hata kukohoa. Mimi pia ni Masika. Kwetu Banande binti wa kwanza ni Masika, basi. Hapa depo ba Masika tuko tisa.

Mardi, 13 mai
Komi mupya, karani wa depo, mutu wa Kisangani, anaandika batumikaji: miaka, masomo, batoto. Serikali iliweka kiasi ya chini ya mushahara. Mwenye iko kwa liste atalipwa ile. Mwenye haiko, arudi nyumbani. Niliangalia sisi wote. Banamuke tu, bajane wengi. Masomo yangu iliishia ya pili primaire. Nilisikia haya kusema. Komi akaandika na heshima. Lakini roho haitulii.

Jeudi, 15 mai
Liste iko ku mulango. Masika ni mumoja. Komi alizani ni mutu mumoja alijiandikisha mara tisa, akafuta nane. Mwenye alibakia ana miaka 23. Ni binti yangu. Nilifurahi. Kisha haya ikanishika, ju ba Masika benzangu balikuwa banalia. Nilimwambia binti yangu anyamaze tu, ashike nafasi. Ana batoto babili, bwana yake alienda Manguredjipa kutafuta zahabu, hakuna habari. Mimi nitarudi kulima ku kijiji, Vuhovi. Aliniangalia kama hanijue. Hakukula.

Vendredi, 16 mai
Hakunisikia. Alisimama mbele ya komi, akaita ba Masika wote, kila mumoja na jina ya mama yake. Mimi nilijificha nyuma ya magunia. Batamufukuza. Komi akauliza kama hakuna jina ingine mu Butembo. Mama Kahindo, mukubwa wetu, akamujibu: "Papa komi, kwenu batoto ba kwanza habazaliwake?" Tulicheka mpaka kahawa ikamwangika. Kisha binti yangu akanivuta mukono.
"Huyu njo Masika mwenye alinizala. Muandike yeye mbele. Mimi, hata mwisho."
Komi alisema ataongea na patron. Nililia kidogo.

Dimanche, 18 mai
Jana jioni liste mupya. Tuko tisa. Mushahara yenyewe bado hatujaiona. Leo kisha misa nilipika sombe, majani ya muhogo. Nilimwambia binti yangu nilikosa, nilimupenda yeye peke na kusahau bengine. Alinisogezea sahani.
"Mama, kula, itapoa."
Nikakula.