Siku Kabula Aliposema "Sitaki"

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Nimefaulu mazoezi ya kufundisha. Nalitanguliza hilo maana ungenikatiza tu: "Umepita au hukupita?" Nimepita, Mama. Ila habari kubwa ni Kabula.

Tulikuwa tumetoka kukuzika wiki ileile chuo kiliponipeleka shule moja hapa Mkuyuni, darasa la watoto wenye usonji. Niliingia macho yamevimba. Nikakabidhiwa kishikwambi chenye picha: mtoto asiyeongea anagusa picha ya maji, sauti inasema "maji". Chuoni ilionekana rahisi. Lakini Kabula, binti mdogo ambaye hajawahi kutamka neno, alipoisikia sauti ile alipiga mayowe, akaziba masikio, akaingia chini ya meza. Kila siku ikawa hivyo. Mwalimu mkuu akasema Ijumaa atakuja kuona mwenyewe. Kama hakuna mabadiliko, mtoto akae nyumbani.

Nikakukumbuka wewe na simu yako. Ulivyoishika kama kikombe cha uji moto, ukigomba kila ile sauti ya kampuni ilipokuambia ubonyeze namba: "Huyu mwanamke wa humu ndani simjui! Ongea wewe!"

Mama, nilicheka peke yangu, halafu nikalia. Halafu nikaenda sokoni.

Mama yake Kabula anauza dagaa. Nikamwomba arekodi maneno kwa sauti yake, katikati ya wateja. Maji. Choo. Njaa. Kelele. Kwenye "sitaki" alishikwa na kicheko, ikabidi turudie. Ukisikiliza vizuri, nyuma yake kuna mtu anaomba apunguziwe bei.

Kesho yake nikagusa picha ya maji. Kabula akatoka chini ya meza. Akaweka sikio kwenye kishikwambi. Akagusa mwenyewe. Akagusa tena. Alikunywa maji siku ile mpaka nikaogopa!

Ijumaa mwalimu mkuu akaja, na lile sauti lake unaloweza kulisikia ukiwa barabarani. Darasa likachafuka. Nikaona mikono ya Kabula inapanda masikioni. Kisha mkono mmoja ukashuka kwenye kishikwambi.

"Sitaki."

Mwalimu mkuu akanigeukia. "Hataki nini?"

Kabula alitafuta picha nyingine, taratibu.

"Kelele."

Mwalimu mkuu, Mama, akainama na kunong'ona: "Nisamehe, Kabula." Akatoka akinyata. Pale dirishani mama yake Kabula, aliyeacha biashara kuja kuona, alipiga kigelegele kimoja, akakumbuka, akajiziba mdomo kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Yangu pia.

Kabula amebaki shuleni. Siku hizi anakataa uji, anakataa wimbo, juzi amenikataa mimi. Nami nashangilia kila kukataa.

Nyumbani tupo. Baba anasonga ugali mwenyewe, una mabonge, na hataki kusaidiwa. Jioni bado tunakuita tukisahau.

Wanataka kufungua darasa kama hili Usagara, karibu na ulipolala. Wakinipa kazi, nitakwenda, na nakuahidi hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu mimi nilichoka kumtafutia njia. Pumzika, Mama. Ukisikia watoto wanakataa mambo upande ule, ujue nimeshafika.

Mwanao,
Mwalimu Leticia