Stebilaiza ya Marehemu

Jumatatu, 4 Machi 1991
Nimegeuza mayai kwenye mashine ya kuangulia asubuhi kabla ya chai. Yamebakisha siku chache yaanguliwe. Karibu yote ni ya akina mama wa kikundi chetu hapa Manyatta. Jioni umeme hushuka hadi balbu za mashine zinafifia. Bila stebilaiza ya kusawazisha umeme aliyoniachia marehemu mume wangu, vifaranga wangekufa kwa baridi.

Jumanne, 5 Machi
Nimetoka sokoni nikakuta stebilaiza haipo. Jirani alimwona shemeji Okello akiibeba begani. Mwizi. Hata kama alizaliwa tumbo moja na mume wangu, mwizi.

Jumatano, 6 Machi
Nimemfuata. Ameifunga kwenye video yake, anatazama mieleka. Nikamwambia mayai yataharibika.
“Shemeji, vitu vya kaka yangu vinarudi kwetu. Mayai utapata mengine.”
Hakunigeukia hata. Nimerudi mikono mitupu.

Ijumaa, 8 Machi
Jioni balbu za mashine zilibaki nyekundu tu, kama makaa yanayozimika. Nikafunika mashine kwa blanketi. Umeme ukapotea kabisa, ukarudi kwa nguvu nyingi mno. Balbu zote zikapasuka. Nikakimbilia dukani, nikaweka nyingine. Nazo zikaungua. Nikajaribu taa ya mafuta, moshi ukajaa. Mashine imepoa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimepasua yai moja. Kifaranga mzima, manyoya tayari, amekufa. Nimepasua mengine. Yaleyale.
Akina mama walipokuja niliogopa watanilaumu. Niliwaeleza yote. Mama Atieno, mwenyekiti wetu, alipanga mayai yaliyopasuliwa kwenye trei. Akaibeba kichwani, tukamfuata hadi kwa Okello. Akaiweka sakafuni mbele ya televisheni.
“Bwana Okello, tazama na hii.”
Tukakaa chini. Okello akaendelea kuangalia mieleka yake. Mke wake, Mama Otieno, ndiye aliyeinuka. Akachomoa stebilaiza, akanikabidhi mlangoni.
Furaha sina. Bado ningempiga Okello.

Jumapili, 17 Machi
Mvua imenyesha tangu tulipotoka kanisani. Mashine inafanya kazi tena. Mama Otieno amekuja na mayai sita kwenye kanga. Hajawahi kuwa kwenye kikundi. Nikamwambia kila yai huandikwa jina la mwenyewe, nikampa penseli. Akaandika polepole, yai baada ya yai: Rosa. Sikujua anaitwa Rosa.